Kiziwi wa Shamba la Chini

...na utomvu huu wa ndizi nao, hata ujipake mafuta vidole vinanata tu, kisu chenyewe butu, Ruth kakikatia sabuni tena, mkamwana gani huyu, ukimwambia anaitika abee mama, kisha anakata, na huyu mwanamume bado kasimama mlangoni na jani lake la isale, kalifunga fundo kabisa, mtu wa Bukoba atalijuaje fundo la kuombea msamaha, ni Elisifa tu, jirani asiye na kazi, kamwambia mpelekee Mchaga isale hawezi kukukatalia hata kama umemuulia mume, na kweli hawezi, ndicho kinachomkera Ndelilio, mgeni kumjia na ufunguo wa mlango wake mwenyewe... "Shikamoo mama," kasema tena, "marahaba," ikamtoka kama anatema mbegu, "naitwa Aristides, ndiye niliyekuwa rubani wa ile ndege ya jeshi," rubani mwenyewe mvi tupu, mguu mmoja anauburuta, na yeye miaka yote alimweka kichwani kijana mrefu wa miwani myeusi, akimlaani kwa nafasi yake akiwa anakata majani ya ng'ombe, sasa amlaani nani, huyu mwenye kola iliyolika? "Mama, mgeni akae?" Ruth huyo, "kwani kiti kimemkataza?" lakini hakai, jani kalinyoosha... na tuseme kweli basi, hasira yake kubwa haikuwa kwa rubani hata siku moja, ilikuwa kwa Eliufoo, mume gani yule, kanisani watu wamekaa yeye kasimama, anamtazama mkewe mdomo ajue wimbo umefika wapi, mpaka Ndelilio akazoea kumsemesha kwa midomo mitupu, bila sauti, mezani, mbele ya wageni, kula nyama polepole wewe, naye anacheka peke yake, "wengine wote wananong'ona," alikuwa akisema, "wewe tu ndiye unayesikika"... lakini ndege za jeshi! zikipita mlima wote unatikisika, ng'ombe anakata kamba, kuku wanakimbilia uvunguni, na yeye kule tambarare, shamba la chini, kainamia maharage, lindege linamjia kwa tumbo bila magurudumu, bawa limfikie mgongoni, asisikie? msibani watu wanalia, Ndelilio akasema mbele ya mchungaji, nilimwambia akasafishwe masikio, alijua mimi napiga domo, wengine wakaficha kicheko kwenye kanga, na neno likabaki, mtoto akikaidi huku kwao anaambiwa utakufa kama Eliufoo, naye hakumkanya mtu, siku nyingine alianza yeye... "Injini ilizimika juu ya mji, mama," sauti ya mgeni hiyo, "ningeruka na mwavuli ingeangukia Njoro, kwenye nyumba za watu, nikaona shamba," haya anayajua, wakubwa wake walikuja wakayasema yote na kofia mkononi, "na mtu hukumwona?" "Nilimwona mwishoni. Nikapiga kelele, mama, mle ndani ya kioo, kama mjinga." "Angesikia nini, kiziwi yule." Mgeni akainua kichwa. "Kiziwi? Mimi sikujua kama alikuwa kiziwi. Mama, ndege yenyewe haikuwa na sauti. Injini ikishakufa inakuja kama mwewe. Hata wewe ungekuwa pale usingegeuka." Kama mwewe... na mwewe akibeba kifaranga nani humsikia, mtetea mwenyewe yuko palepale, masikio yake mazima, anashtukia manyoya... haikuwa na sauti, mbona hakuuliza, injini imezimika, waliisema siku ileile, injini imezimika, maneno mepesi kama maji, mtoto wa darasa la nne angeyajua, yakampita, nani basi hakusikia... na Eliufoo amelala hapo nyuma ya nyumba, kaburini mgombani, na isale limestawi kichwani pake, na yeye kila akipita kukata ndizi anamsonya, hata hizi za leo asubuhi, alimsonya... "Mama," Ruth ananong'ona, "mkono wa mgeni unachoka," "acha uchoke kidogo," lakini ukali haukuja, aliuita haukuja, atalipokea, nani alisema hatalipokea, ila jani hili likishafika mkononi mwake halitakaa humu ndani, lina njia ya kwenda, na huko atasema nini kwa mtu wa namna ile... ndizi iko mkononi imemenywa nusu, jani bado limenyooshwa mlangoni, fundo linaanza kulegea, mgeni anamtazama usoni akidhani anatafuna kitu, kumbe Ndelilio anapanga midomo, bila sauti, unisamehe, Eliufoo, mara ya kwanza haraka mno, akarudia, unisamehe, polepole, ili aone vizuri.