Gari Nalo Lilikaa Eda

Mimi sikulia. Semeni mtakavyo, wenzenu wa mtaani walishasema mpaka wakachoka. Mume wangu Abdu alianguka asubuhi kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Kahama, presha, akazikwa alasiri, na mimi nikakaa kwenye mkeka macho makavu. Wanawake waliokuja kulia na mimi walilia peke yao. Shangazi yake mmoja alinifinya mkono chini ya kanga, nadhani alitaka kunisaidia. Sikusikia kitu.

Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi, na gari nalo likaingia eda pamoja nami.

Gari lenyewe ni dogo, la umeme, la Kijapani. Abdu alilitafuta mwaka mzima. Dalali wa Dar alikuwa akimpigia kumsifia rangi na viti, Abdu anamkata kauli: "Bwana wee, niambie betri ina vijiti vingapi." Maana kwenye dashibodi kuna vijiti kumi na viwili vya kuonyesha afya ya betri, na kijiti kikishapotea hakirudi. Alikataa magari matatu. La nne lilikuwa na vijiti kumi, akalipandisha kwenye lori likaja limebebwa, kwa sababu kuliendesha kutoka Dar ni kulala kila mji ukibisha hodi kuomba umeme.

Kabla halijafika, alimleta fundi umeme akavuta waya mnene kutoka kwenye mita mpaka kibandani, chini ya dirisha letu la chumbani. Soketi yake peke yake, swichi yake peke yake, na chuma cha ethi kikapigiliwa ardhini. Nikamwambia, "Si uchomeke tu kwenye ekstensheni ya pasi?" Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Mwaisha, hiyo ekstensheni ndiyo itakayotuchoma tukiwa tumelala."

Gari lilikuwa langu kikazi. Asubuhi nilikuwa nawachukua watoto wanne wa chekechea majumbani kwao, mchana nawarudisha. Ndiyo iliyokuwa riziki yangu, na ndiyo iliyomweka mwanetu Sufiani chuoni Dodoma. Abdu aliliazima siku za safari tu, akienda Masumbwe kwa ndugu zake. Lakini masharti yalikuwa yake, na aliyarudia kama tasbihi. Usilijaze pomoni kila siku, themanini inatosha. Usilishushe chini ya ishirini. Ukifika mteremkoni toa mguu, litajichaji lenyewe. Upepo wa matairi kila Ijumaa. Na ukiliacha muda mrefu, liache nusu, si tupu wala si limejaa, maana ukiliacha tupu miezi umeliua.

Halafu kuna yule mwanamke. Ukiliwasha tu, mwanamke wa Kijapani anaongea ndani ya redio, na hakuna fundi aliyeweza kumnyamazisha. Abdu akaamua kwamba anaamkia. "Marahaba, bibi," anamjibu kila siku. Na ukipanda naye haondoi gari mpaka na wewe uitikie. Hata mdogo wake Swaleh, mfanyabiashara wa ng'ombe asiyejua kucheka, alikuwa akiitikia kwa kununa ili safari ianze.

Huyo Swaleh ndiye aliyechukua rimoti ya gari siku ya tatu ya msiba. "Kwa usalama, shemeji," akasema, akaitia mfuko wa kanzu. Kwa siku zile ungeweza kubeba kitanda nilichokalia nisikuulize unakipeleka wapi.

Na wanawake wa jikoni, Mungu awape kheri, walifanya buti la gari kuwa kabati. Sufuria, sahani, miko, vyote humo. Wakaliacha halijafungwa vizuri, taa ya ndani inawaka usiku na mchana. Wiki ilipokwisha, Swaleh akabonyeza rimoti, kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Mtaa mzima ukapata habari: gari limemfuata mwenyewe.

"Wanasema limekufa siku moja na baba Sufiani," Nelly aliniambia dirishani. Nelly ni jirani yangu, Msukuma wa Masumbwe, anauza mchele, na kila asubuhi alipitia dirishani kuniamkia "Mwangaluka" na kunipa habari za dunia, maana mlangoni kulikuwa na mashangazi. "Mama Sufiani, kweli gari linaweza kufa na mtu?"

"Betri ndogo imekwisha," nikasema. "Ile ya kawaida, iliyo mbele. Ndiyo inayofungua milango na kuamsha kubwa. Mtoto mdogo anaweza kulitatua."

"Sasa mbona husemi?"

Nikafunga pazia.

Sasa niwaambie kitu ambacho hata Nelly sikumwambia. Jioni ya mwisho Abdu alirudi kutoka Masumbwe na gari likiwa na asilimia tisa. Upepo ulikuwa wa mbisho, unalipiga usoni, na alikuwa amebeba magunia. Tulikuwa tumegombana tangu juzi yake, jambo la kipuuzi, pazia, naapa ni pazia. Akaingia kuoga, akaniambia, "Mwaisha, lichomeke, lina tisa tu." Mimi nilikuwa nimeshajilaza. Alipotoka bafuni akauliza, "Umechomeka?" Nikageukia ukutani nikasema, "Nimeshachomeka."

Sikuwa nimechomeka. Uongo huo ndio neno la mwisho nililomwambia mume wangu. Nilipoamka alikuwa ameshakwenda swala, na kutoka swala akapitiliza mashineni kwa miguu. Walipokuja kuniita nilitazama dirishani, na waya ulikuwa umekunjwa, umetundikwa kwenye msumari wake, palepale nilipouacha. Kwa hiyo mwenzenu nilikaa edani ninaangalia gari lenye asilimia tisa likifa polepole chini ya dirisha langu, na nimemdanganya marehemu juu yake. Msiniulize kwa nini sikulia. Nilikuwa nimekufa ganzi, mwili na roho. Uji niliunywa kama maji na maji niliyanywa kama hewa.

Mwezi wa pili wa eda Swaleh akaja na fundi, Masalu, kijana mzuri wa pikipiki na mafuso ila wa umeme hajui lolote. Nikasikia vyombo vinapigwapigwa. Masalu akapenya kwa kupitia buti, akafungua boneti kutokea ndani. Nikachungulia. Ameshika spana, na mkono wake mwingine uko kwenye waya mnene wa rangi ya chungwa.

Hapo nikasahau eda, nikasahau mashangazi. "Masalu! Toa mkono! Toa mkono hapo, utakufa!"

Spana ikaanguka chini. Masalu akarudi nyuma mpaka akaupiga ukuta.

"Cha rangi ya chungwa hakishikwi!" Nilikuwa nimeng'ang'ania nondo za dirisha. "Hicho ni cha fundi aliyekisomea, mwenye glovu zake. Abdu mwenyewe alikuwa hakigusi. Huo si umeme wa pikipiki, baba, huo hauna samahani!"

"Mayu wane, mama yangu," Masalu akasema, anajipapasa kifua kuhakikisha kama bado yupo.

Swaleh akaja mpaka dirishani, uso umemvimba. "Shemeji, uko edani. Unapiga kelele kwa mwanamume mpaka barabarani wanasikia."

"Eda haikunikataza kuokoa roho ya mtu. Au ulitaka tuandae msiba wa pili, vyombo si bado vimo ndani ya buti?"

Akasema, bila kunitazama, "Kuna mtu wa Geita, Athanas, mwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Anataka betri yake kwa ajili ya taa za shimoni. Bodi atalikata. Nimemwambia aje."

"Gari ndiyo kazi yangu, Swaleh. Nikitoka humu nitakula nini? Nitamwambia nini Sufiani?"

"Gari limekufa!"

"Halijafa." Nilisema hivyo mdomoni, moyoni nasikia tisa, tisa, tisa.

"Basi tuliwashe sasa hivi, unielekeze."

Na hapo, Mungu shahidi wangu, ningeweza kusema ndiyo. Lakini niliogopa. Nilijua likiwashwa lisiwake, Swaleh hatajua kwa nini, ila mimi nitajua. Nikasema, "Nitaliwasha mwenyewe siku ninayotoka. Mpaka hapo mtu asiliguse."

"Likiwaka, lako, wala hutanisikia nikilitaja tena," akasema. "Lisipowaka, lori la Athanas litakuwa getini."

Nikasema sawa. Miezi miwili iliyobaki ilipita sijui vipi. Kila asubuhi nilijiambia, siku nyingine ninaliua kwa woga wangu. Nilijiambia tu, lakini hata woga wenyewe nilikuwa siusikii vizuri.

Siku ikafika. Nikaoga, wakanivisha nguo mpya, wakasoma dua, wakala pilau. Nikatoka uani, jua likanipiga usoni, macho yakauma kidogo. Lori lilikuwa getini kweli. Athanas alikuwa ameegemea mlango anachokonoa meno, mtu mwenye adabu zake, akaniambia pole. Nelly alikuwa amesimama kibandani amekumbatia betri ya sola ya dukani kwake, niliyomwomba, kama anayebembeleza mtoto.

"Rimoti," nikamwambia Swaleh. Akanipa. Nikabonyeza kidude cha pembeni nikachomoa ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani yake. Swaleh akaukodolea macho. Miezi minne alitembea nao mfukoni.

Nikafungua mlango, nikavuta boneti. Nikachukua nyaya mbili, nikaunganisha betri ya Nelly na ile ndogo ya gari. Chanya kwa chanya. Hasi kwenye chuma cha bodi, mbali na betri. Vidole vyangu vilifanya kazi vyenyewe, nilivisikia vikielekezwa na Abdu, polepole, usiharakishe, mama. Hakikisha hakuna kinachogusana. Nelly akashikilia nyaya na macho ameyafumba.

Nikaingia ndani. Kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma, kwa urefu wa miguu ya Abdu. Sikukisogeza. Nikajinyoosha mpaka breki, nikakanyaga, nikabonyeza.

Taa zikawaka zote kwa pamoja. Yule mwanamke wa Kijapani akaongea, maneno yake yaleyale, sauti yake ileile isiyo na msiba.

Na nyuma yangu, mtu akasema taratibu, "Marahaba, bibi."

Nikageuka. Alikuwa Swaleh. Nadhani ilimtoka tu, kwa mazoea. Alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake na mabega yanamtikisika, mtu mzima yule, mbele ya Athanas na mashangazi wote. Ndipo nilipoelewa kwa nini alitaka gari lile likatwekatwe. Hakuwa na tamaa, maskini, alikuwa hawezi kuliona.

Nikarudisha macho kwenye dashibodi, kutafuta ile tisa yangu. Nilishajiandaa. Likiwa na tano, hata mbili, nitalichomeka palepale nione kama linapokea.

Lilikuwa na hamsini na nane.

Nikafuta kioo kwa kidole, nikidhani ni vumbi. Hamsini na nane. Gari halijichaji lenyewe limesimama. Rimoti ilikuwa kwa Swaleh, na waya haukushuka kwenye msumari miezi yote minne, mimi ndiye niliyeulinda kwa macho. Hakukuwa na saa nyingine ambayo lingeweza kuingiza umeme isipokuwa usiku ule. Kutoka tisa mpaka pale ni saa tano na ushee, nalijua gari langu. Tangu katikati ya usiku mpaka adhana ya alfajiri.

Aliamka. Alikwenda dirishani akaona waya uko msumarini, akajua mke wake amemdanganya. Akatoka nje na presha yake akachomeka. Alfajiri akachomoa likiwa limefika nusu, akaukunja waya, akautundika palepale nilipouacha, akaenda kuswali. Na hakuniamsha.

Nikashika usukani kwa mikono miwili na sauti ikanitoka, sauti mbaya, ya miezi minne na siku kumi, mpaka Nelly akaachia nyaya. Swaleh akaja mbio akainama mlangoni, macho yake mwenyewe mekundu.

"Shemeji! Vipi, limezima? Usilie, tutatafuta fundi, Athanas nitamrudisha—"

"Lina hamsini na nane," nikamwambia. "Swaleh, lina hamsini na nane."

"Sasa si nyingi hizo?"

"Nyingi," nikasema, nalia. "Nyingi mno."