Shimo la Mlangoni kwa Mshonaji

Jumatatu asubuhi kikosi cha barabara kilijaza shimo lililokuwa mbele ya klabu ya wakubwa. Walilifagia kwanza, wakachonga kingo zake mpaka zikasimama wima, wakapanga mawe makubwa chini na madogo juu, kisha wakamwaga lami ya moto na kuishindilia. Nyapara akapanda juu akarukaruka na tumbo lake lote, kwani hivyo ndivyo Idara ya Barabara ilivyokagua kazi. Lami, kijana aliyepewa jina hilo kwa sababu hata akioga na kuvaa nguo za kutokea kucha zake zilibaki nyeusi, akakusanya sepetu. Shimo nalo likaondoka kwenda mtaa wa chini.

Mashimo yote yaliyojazwa juu yalikwenda chini. Ndivyo mji ulivyokuwa tangu barabara zilipoanza kutiwa lami. Yaliteremka mchana, polepole, yakipita maghala ya bandari na soko la kuni, yakishika upande wa kushoto kama sheria ilivyotaka. Wenye baiskeli waliyapisha. Yakifika mtaa wa chini, ambako hakukuwa na lami ya kuyazuia, kila moja lilijitafutia mahali likatulia.

Hili la klabu lilichagua mlango wa mshonaji.

Mshonaji alikuwa mjane mwenye cherehani moja na binti mmoja, na binti huyo alikuwa aolewe na Lami Jumamosi ya wiki hiyo. Cherehani ilikaa barazani kwa ajili ya mwanga. Shimo lilipofika, alikuwa anatunga uzi. Aliinua miguu, likapita chini ya kanyagio, likageuka kidogo, likalala mbele ya kizingiti, kina chake magotini. Mteja wa kwanza alitumbukia pamoja na kitambaa chake cheupe. Mshonaji alimtoa, akampangusa, akamwomba jirani amwitie mkwe wake.

Lami alikuja jioni kabla hajanawa. Alisimama ng'ambo ya shimo, macho chini kama inavyompasa kijana mbele ya mama mkwe, na kwa kuwa macho yalikuwa chini, yaliangukia pale pale pasipotakiwa.

"Unalijua?" mshonaji aliuliza.

Alilijua. Lilikuwa na umbo la sikio, na ukingoni palikuwa na pengo alilolichonga mwenyewe asubuhi ile.

"Nalijua, mama."

"Basi sikiliza, mwanangu. Binti yangu nimemlea kwa sindano hii. Sitamtoa nyumbani kwangu akirukaruka kama chura. Aliyelileta alitoe. Likiwepo Jumamosi, hakuna harusi."

Nyuma ya pazia binti alikohoa. Kikohozi hicho nacho Lami alikijua. Kilikuwa cha kumeza kicheko.

Kesho yake alimwomba nyapara mkokoteni mmoja wa mawe. Nyapara aliuliza kama siku hizi mama mkwe wa bwana harusi ndiye anayepanga kazi za Idara, akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Halafu, kwa kuwa moyo wake haukuwa mbaya, akampeleka kwa mhandisi. Mhandisi alikuwa mtu mpole aliyevuka bahari na ramani ya mji huu ikiwa imeshachorwa. Alisikiliza hadi mwisho, akamwonyesha Lami ramani hiyo. Mtaa wa chini ulipakwa kijani, kama malisho. Akaeleza taratibu kwamba Idara haikuwa na ugomvi na mashimo. Ilikuwa na ugomvi na mahali yalipo, na hilo la mlangoni, kwa maoni yake, sasa lilikuwa limekaa mahali pake. Akampa mkono wa heri ya ndoa.

Alhamisi, baada ya kazi, Lami alikwenda kulijaza mwenyewe. Mawe aliyaokota kwenye kifusi cha ukuta wa ghala. Lami ya kumwagia aliikwangua kwenye kitako cha pipa wakati nyapara akitazama mawingu, na mawingu hayakuwepo. Binti alimshikia ndoo. Mama yake alikuwa barazani akipinda gauni la harusi, bila kuwatazama na bila kupitwa na neno.

"Unapanga mawe kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa," binti alisema.

"Shimo likilazwa vibaya linaamka."

"Na siku zote hizo unayalaza huko juu, hukuwahi kujiuliza yanakwenda wapi?"

Lami alifikiri. Alikuwa mtu asiyejua kusema uongo akiwa na jiwe mkononi.

"Nilijua yanakwenda kwa watu wengine."

"Watu wengine ndio sisi," binti alisema bila hasira, akamsogezea ndoo.

Walishindilia pamoja. Shimo lilisitasita kidogo kama aliyesahau kitu ndani, kisha likashika njia ya mlimani, upande wa kushoto. Mshonaji alilitazama mpaka likakata kona. Akasema chakula kipo tayari, na mkwe anawe vizuri, ingawa kwa kucha hizo hakuwa na tamaa kubwa.

Ijumaa asubuhi motokaa ya Gavana ilikutwa mbele ya klabu, gurudumu la mbele likiwa shimoni. Gavana hakuumia, ila kofia yake ya manyoya ilidumbukia na hakuna aliyethubutu kuinama kuiokota mbele ya watu.

"Mkuki kwa nguruwe," nyapara alinong'ona, akajifanya anapiga chafya.

Mhandisi aliwasili. Alimtazama Lami kwa upole uleule, akaagiza shimo lijazwe kabla ya chakula cha mchana. Lami alisimama na sepetu. Angeiweka chini, lakini askari walikuwa pale, na bwana harusi aliye kifungoni ni sawa na asiyekuwepo. Akafikiria kulijaza kiujanja, aache uwazi chini ili lisiweze kusafiri. Lakini baada yake nyapara alikuwa apande na tumbo lake, angezama, na nyapara alikuwa na watoto. Basi alilijaza vizuri, kama alivyozoea.

Alasiri shimo lilifika mlangoni kwa mshonaji, kofia ya manyoya ikiwa ndani. Nyuma yake alitembea askari na ubao wa tangazo, akauchomeka kando. Tangazo lilisema ni marufuku kujaza shimo lolote katika mtaa wa chini pasipo kibali, na kwamba vibali vinatolewa ndani ya klabu ya wakubwa. Watu wa mtaa wa chini hawakuruhusiwa kuingia klabu.

Jumamosi Lami alikuja amevaa nyeupe tupu. Wageni walikuwa wamejipanga pande mbili za shimo kama watu wa kivuko. Alitarajia kukuta mlango umefungwa. Aliukuta wazi, na mshonaji kwenye cherehani yake.

"Limerudi, mama. Nimelijaza mimi. Nimeona ulisikie kwangu."

Mshonaji alitazama viganja vya Lami, vilivyojaa malengelenge ya Alhamisi na ya Ijumaa. Akakata uzi kwa meno.

"Kulitoa, ulilitoa. Kulirudisha ni kosa lako, lakini si lako peke yako."

Akainuka, akavuta pazia. Binti alisimama kizingitini, manyoya ya Gavana yameshonwa kwenye pindo la gauni, mshono mdogo mdogo usioonekana. Kofia yenyewe ilikuwa pembeni. Kuku alishaanza kutaga humo. Binti alikusanya gauni, akamtazama mama yake.

"Ruka," mama alisema.

Akaruka. Lami akampokea. Wageni walipiga makofi, na askari pia, kwa kuwa tangazo halikutaja makofi.

Shimo lilibaki, na mengine yakaja, maana Idara haikuacha kazi. Watoto wa mtaa wa chini walijifunza kuinua mguu kabla ya kujifunza kutembea. Walipokua wakapanda kwenda kufanya kazi mtaa wa juu, kwenye barabara laini kama kiganja, walikwenda wakivuka mashimo yasiyokuwepo.

Miaka kadhaa baadaye Lami alikuwa akipita mbele ya klabu na mkewe. Walipofika pale palipojazwa, wote wawili waliinua miguu juu, mke akishika gauni. Askari yuleyule wa tangazo akawasimamisha, akataka kujua wanaruka nini.

Lami alitazama chini. Lami ilikuwa nzima, haina hata ufa.

"Mlango wa mama mkwe," alisema.

Askari aliitikia kwa kichwa. Naye aliishi mtaa wa chini. Akawaruhusu kupita, kisha akainua mguu wake, akavuka, akaendelea na doria.