Swali la Kadija

...na samaki huyu ana miiba mingi, angemchagua yule mwingine mnene, lakini mnene alikuwa ameanza kunuka, na mtu aliyefungwa haletewi samaki anayenuka, hata mtu aliyefanya aliyoyafanya Mputu, bado ana tumbo, bado anautafuta mwiba kwa ulimi na kuutoa na kuulaza pembeni mwa sahani kama alivyokuwa akifanya nyumbani, taratibu, bila haraka ya kitu chochote duniani, na Salomé anamwangalia mume wake akila kwenye benchi la gereza, chini ya bati, mchana wa Jumapili, anaiangalia mikono yake, maana mikono ni ileile, hakuna aliyeibadilisha, ndiyo iliyomwogesha Béthanie alipougua surua na kulia kila alipoguswa na mtu mwingine, ndiyo iliyokata vitunguu miezi yote ya mimba kwa sababu harufu ilimtapisha mama mtu, majirani wakacheka, mwanajeshi mzima anakata vitunguu, naye akaendelea kukata huku machozi yakimtiririka, akisema analia kwa niaba ya mke wake... “Bukari iko bien?” anamuuliza, kama ugali umeiva vizuri. “Iko bien,” anajibu Mputu, na hayo ndiyo maneno waliyoyasema tangu afike, hayo na habari ya Béthanie kwamba anakua, anasoma, ameng'oka jino, na mlinzi wa gereza amekaa pale mlangoni anahangaika na redio yake, inakoroma, inashika wimbo, inauachia, hawasikilizi wala hawaangalii, wakati upo, Salomé anajua kwamba wakati upo na ndiyo maana anaogopa, kwa sababu amekuja na mambo mawili mdomoni na hakuna hata moja lililotoka, la kwanza ni kwamba anahama, anarudi Kabongo kwa mama yake, lori limepatikana, sufuria zimefungwa, hatakuja tena Jumapili na sahani iliyofunikwa kitambaa, na hilo ndilo jepesi, ajabu, hilo ndilo jepesi, la pili ndilo zito... angalia anavyotafuna upande mmoja, lile jino bado linamsumbua, wanaye daktari wa meno humu, asiulize, mke anayeondoka haulizi habari za meno. Alirudi kutoka vitani mashariki na sikio moja limekufa na la pili likilia, njo namna alivyosema, linalia, kama filimbi ya treni isiyofika, mchana na usiku, jeshi likampa karatasi ya kumpumzisha, akakaa nyumbani, akatengeneza viti vya watu, akapanda mahindi, akawa mpole kuliko alivyoondoka, na upole ule ulimfurahisha Salomé, Mungu wangu, alikuwa anawaambia wanawake wenzake kisimani kwamba wengine waume wao wanarudi na ngumi, mimi wangu amerudi na ukimya, nashukuru. Akawa anatoka alfajiri. Anaenda kutega panya wa porini, alisema, na mara nyingine alirudi nao kweli, wamefungwa mikia, na Salomé alimfungia karanga mfukoni asishinde na njaa... karanga za kukaanga, yeye mwenyewe alizikaanga, kwa mchanga, kwa chumvi. Na masika yale watu wakaanza kuanguka njiani. Wa kwanza alikuwa mchoma makaa, wakasema majambazi, lakini makaa yake yalikuwepo na viatu vyake vilikuwepo, kisha Assumani, mume wa Kadija, akirudi na baiskeli imejaa samaki wakavu wa Kinkondja, kisha Mama Tshiala na beseni lake la muhogo, kisha mzee Lumbala, katekista, aliyekuwa anakwenda kumsomea sala mgonjwa, kila mtu risasi moja, kutoka mbali, mlio unafika baada ya mtu kulala chini na hakuna anayejua umetoka upande gani, na mji mzima ukajifungia, waliosema waasi walisema waasi, waliosema uchawi walisema uchawi, baiskeli zikaacha kuleta samaki, wanawake wakaacha muhogo uozee shambani, na Salomé alimwomba Mputu asitoke tena alfajiri, alimshika shati, kweli alimshika shati mlangoni, Baba Béthanie, watakuua na weye, akaishika mikono yake akaitoa kwenye shati kidole kwa kidole, kwa upole, akasema yeye hapana, “Minyi hawawezi kuniona.” Na yeye akaona ni ushujaa. Akampa karanga... Anakula sasa kipande cha mkia, anakipenda mkia, mlinzi ameipata stesheni, kwaya inaimba, anapunguza sauti. Kapiteni Masengo ndiye aliyekuja kutoka Lubumbashi, mpelelezi wa mahakama ya kijeshi, mtu mfupi mwenye kikohozi, watu walimcheka kwa sababu hakukamata mtu, vijana wote wa mtaa walikuwa wanangoja kukamatwa na yeye alikuwa anatembea tu na fimbo na kamba, anasimama pale alipoanguka mchoma makaa, anasimama pale alipoanguka Mama Tshiala, anageuka polepole, anaondoka, mpaka alipoomba aonyeshwe baiskeli ya Assumani, na Kadija akamtolea, maana hakuwa ameiosha wala kuwagusa wale samaki, risasi ilikuwa imempitia mwenye baiskeli, ikatoboa mzigo na kuingia kwenye mti nyuma yake, na Masengo akaipeleka pale alipoanguka Assumani, akafunga kamba kutoka tundu la mtini hadi kimo cha mzigo na kuivuta mbele, mbele, kupitia majani, watu wakimfuata, na kamba ilipokwisha akaendelea kwa macho mpaka kwenye kichuguu kile kikubwa kilicho upande wa pili wa reli, kirefu kuliko nyumba, chenye miti juu yake, ambacho watoto wanakichimba kutoa udongo wa matofali. Ukikaa pale juu unaziona njia zote mbili. Majani yalikuwa yamelala kwa umbo la mtu. Kulikuwa na maganda ya karanga, na kitambaa kimekunjwa mara nyingi, mto wa kuwekea kiwiko, na Masengo hakupiga kelele, hakuita waandishi wa redio, alikichukua kile kitambaa akaanza kuzunguka nacho kwa wanawake, sokoni, kanisani, kisimani, anakikunjua tu na kuuliza. “Bamama, kuko mwenye kujua hii kitambaa?” Ndoo ya Salomé ilikuwa chini ya bomba. Kitenge cha harusi ya mdogo wake Mira, cha bluu na ndege wa njano, familia tu ndiyo iliyokivaa, na yeye alikichana pindo mwaka jana kumfunga Mputu kidole alichokikata kwa msumeno, na ndoo haikuwa imejaa, hilo ndilo linalomwamsha, ndoo haikuwa hata imefika nusu na yeye alikuwa ameshasema, “Ni ya kwangu. Na karanga ni ya kwangu.” Hivyo tu. Hakufikiri, hakurudi nyumbani kumwangalia kwanza usoni, hakumpa hata siku moja ya kuwa mume wa mtu, mke gani anayesema haraka namna ile, mama mkwe wake alimuuliza, si kwa hasira, ungetulia kidogo, mwanangu, ungekwenda kwanza kusali, na tangu siku ile Salomé anajiuliza kama aliwahi kumpenda, au kama alikuwa anajua, kama mahali fulani chini ya mbavu alikuwa anajua kila alfajiri na kufunga karanga huku anajua... hapana. Hakujua. Alipokiona kitambaa ndipo alipojua, na alipojua mdomo ulifunguka kwa sababu wanawake walikuwa wamesimama wote pale kwenye foleni, na mmoja wao angepita njia ile kesho, na kesho kutwa mwingine, na hakuna mtu aliyeanguka tena tangu siku ile, hata mmoja, anajaribu kulishika hilo kama mtu anavyoshika kikombe cha moto, analishika, analiacha. Walipokuja kumchukua alikuwa amekaa mlangoni, viatu miguuni. Bunduki ilikuwa imelazwa mezani, ile yenye darubini ambayo Salomé hakuwahi kuiona, ilikuwa inalala ndani ya mzinga wa zamani wa nyuki nyuma ya jiko. Hakuuliza nani amesema. Aliwaambia tu Béthanie asitolewe nje mpaka waondoke, na alimwambia Salomé kwamba mlango wa jiko unahitaji bawaba mpya. Na kwa Kapiteni Masengo, alipoulizwa sababu siku nzima, alitoa maneno machache, Masengo mwenyewe alikuja kumsimulia, alikaa kwenye kiti alichokitengeneza Mputu, akakohoa, akasema amesema sikio linalia, mama, linalia muda wote, isipokuwa akilala chini na kushika pumzi na kuangalia ndani ya kioo cha bunduki, hapo linanyamaza, na amelia kidogo aliposema hivyo, sikuona vizuri, akasema Masengo, kama ni yeye au ni mimi. Salomé aliinuka. Alimpa maji... Mputu ameomba maji kwa kidole, sasa hivi, anamimina, anakunywa, shingo yake imekonda, kola imekuwa pana. Sema basi. Sema Kabongo, anza na Kabongo. Lakini Kabongo haitoki kwa sababu Kadija amekaa mbele yake, Kadija aliyekuja juzi nyumbani, na mtandio wake mweusi wa eda, yeye ambaye Salomé alikuwa anabadili njia sokoni asikutane naye, alipomwona uani alidhani amekuja kumtemea mate na akasimama wima ili atemewe vizuri, na Kadija akaomba kukaa, tu, akaomba kukaa, akakunja miguu mkekani akazitazama sufuria zilizofungwa, akaelewa, akasema hakuja na ubaya. Watu wa kwao, wafanyabiashara waliotoka Maniema zamani, walimzika Assumani siku ileile kama dini inavyotaka, lakini walimpata jua limeshapanda, hakuna aliyethubutu kumsogelea, waliosikia mlio walijificha, na Kadija kila akilala anamwona mumewe chini pale, yuko hai, anaita, na watu wako kwenye majani wanamsikia. “Bwana yako njo muntu wa mwisho kumuona bwana yangu,” alisema Kadija. “Alikuwa anamuangalia ndani ya kioo. Minyi sikumuona. Umuulize alikuwa anafanya nini. Umuulize kama aliita.” Na Salomé akasema atauliza, angesema nini, akasema atauliza, na Kadija akamshika goti akiinuka, akalitumia goti la mke wa Mputu kuinukia kama unavyotumia la dada yako. Goti lile bado lina uzito wa mkono... Haya. Mlinzi anapiga miayo. “Baba Béthanie.” Anainua macho, ni macho yake, ya hudhurungi, yenye kope ndefu alizomrithisha mtoto. “Kadija, bibi ya Assumani, alikuja kwetu,” anasema Salomé, na sauti ni ya mtu anayesimulia habari za soko, ametoka wapi na sauti hiyo, “ule wa kinga, wa baiskeli ya samaki. Anauliza alikuwa anafanya nini.” Kwaya ya redio inamaliza ubeti. Atakataa, atasukuma sahani, atasema hakumbuki, na ingekuwa afadhali asikumbuke, Bwana Yesu, mpe asikumbuke, mfanye aseme kulikuwa na ukungu, aliona kitu tu, kivuli, hakujua ni mtu... “Alishuka chini,” anasema Mputu. Anaangalia vidole vyake vyenye bukari. “Kamba ya samaki ililegea, akaifunga. Akamaliza kuifunga. Kisha akasimama tu, akashika kinga, na midomo yake ilikuwa inacheza. Minyi nilizani anaimba. Pole pole, vile muntu anaimba kama iko peke yake.” Salomé anauliza la pili. “Aliita?” “Hapana. Hakuona kitu. Alianguka mara moya, hakutikisika. Hakuita.” Hakuita, hakuita, neno linapita ndani yake kama maji, atalibeba hivi hivi, kwa mikono miwili, mpaka nyumbani kwa Kadija, alikuwa anaimba, Kadija, alifunga kamba yake vizuri akaimba, na hakuita mtu kwa sababu hakujua... na palepale, nyuma ya maji, hasira inakuja, haijawahi kuja tangu ndoo ile, aliiona midomo, mtu huyu anayekula samaki wangu aliiona midomo ya mtu inacheza, akajua ni wimbo, na kidole kikavuta, si kivuli, si ukungu, alimwona Assumani kuliko mtu yeyote alivyowahi kumwona, na yeye Salomé alikuwa amejifariji kwamba mume wake hakuwaona, kwamba vita ilimpofusha, na sasa anaelewa kwamba ndoo haikuwa na haja ya kujaa, hata tone, kwamba alisema kwa wakati, na kwamba bado anampenda, yote mawili yanakaa ndani yake bila kusukumana, hakujua yanaweza kukaa. Je, anasema kweli? Angeweza kudanganya ili kumtuliza mjane, ana upole huo, lakini mtu anayedanganya humwangalia anayemdanganya, na Mputu haangalii kitu, machozi yanamtoka kama siku za vitunguu na hayafuti kwa sababu mikono ina chakula, na Salomé anachukua pembe ya kitambaa cha sahani anamfuta, jicho la kwanza, jicho la pili, kwa nguvu kidogo, kama anavyomfuta Béthanie. Mabinti wa Mama Tshiala wanakaa kule karibu na reli. Mjukuu wa mzee Lumbala anauza mkaa njia ya kambi. Watu wa mchoma makaa yeye hawajui vizuri, itabidi kuulizia. Hao nao wanalala vipi? Nani atawauliza, nani mwingine anaruhusiwa kuingia humu na kukaa kwenye benchi hili, Masengo ameshaondoka na faili lake, hakimu atauliza bunduki, atauliza risasi, hatauliza midomo, na lori la Kabongo litaondoka Jumanne na magunia ya watu wengine, atamtumia mama yake salamu, atafungua sufuria. Mlinzi amepata wimbo mwingine. Sahani bado ina chakula. “Na Mama Tshiala?” anauliza Salomé. Mkono wa Mputu unasimama hewani, anamwangalia mke wake, kwa muda mrefu, kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali kwa upande wa sikio lililokufa. “Mama Béthanie...” anasema. “Anza mbele, anza mwanzo,” anasema Salomé, anasogea kwenye benchi mpaka bega liguse bega, upande ule anaosikia, “alitokea upande gani, alikuwa anatembea namna gani,” na Mputu anashusha mkono, anafikiri, anaanza...