Kutu ya Upanga wa Ndululu

Munyao alinipigia simu Jumanne asubuhi nikifungua kibanda changu cha vitu vya kale pale stendi ya Salama, na kabla hajamaliza kunijulia hali nilishajua anataka kitu. Huyu ni mdogo wake marehemu baba yangu. Kwa miaka thelathini hakuwahi kuuliza kama nimekula au nimelala njaa.

Shida yake ilikuwa upanga wa babu Ndululu. Babu alikuwa mpagazi katika vita vya kwanza vya Wazungu. Aliwabebea Waingereza mizigo hadi Tanganyika wakimfukuza Mjerumani, akarudi kwetu Tulia na upanga wa Kijerumani umefungwa ndani ya gunia. Baba aliurithi. Baba alipofariki, mazishi hayakuwa yamepoa Munyao akaja na wazee wawili wa ukoo, akasema upanga na shamba ni vitu vya wanaume, na mama yangu Kanini alikuwa amezaa wasichana watupu, mimi na mdogo wangu Mbithe. Mama alipewa debe moja la mahindi akaonyeshwa njia. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Lile debe nililibeba mimi, na shingo yangu bado inalikumbuka.

Sasa alinihitaji, kwa sababu kazi yangu ni kuvijua vyuma vya zamani. Nilianza kwa kufagia duka la mzee Jabiri mjini Kitui, mtu mpole ambaye wazazi wake walitoka pwani, aliyenunua na kuuza vitu vya kale. Aliponiona nina jicho, akanifundisha kusoma panga za vita, majambia na singe za bunduki. Alama ya kiwanda hukaa chini ya bapa, karibu na mpini. Mgongoni hutafutwa taji dogo, herufi W na tarakimu mbili za mwaka. Na kwenye kikingio cha mkono, ukibahatika, utakuta herufi K.S. na namba, yaani chuma hicho kilikuwa cha jeshi la makoloni la Kaiser, mfalme wa Wajerumani. Hizo herufi mbili ndizo bei yenyewe.

Munyao alinitumia picha. Nikaivuta kwa vidole, na katikati ya kutu nikaona taji, nikaona W, nikaona K.S. Nilikaa chini. Upanga kama ule, na kutu yake juu yake, ni ng'ombe watatu wa maziwa, na mnunuzi anashukuru. Ukifutwa alama ni chuma cha kufyekea nyasi. Mzee Jabiri alikuwa akisema wazi kwamba anayesugua upanga wa zamani ni sawa na aliyeutupa.

Munyao hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba kuna Mjerumani mstaafu anayeishi upande wa Kiboko, anayekusanya silaha za vita vile, na kwamba Mjerumani huyo hanunui kitu kabla mimi sijakikagua.

"Muthoki mwanangu," akaniambia, "hii kitu iko na kutu mbaya. Niisafishe kwanza, ama nikuje nayo hivyo?"

Kwetu, ukiazima panga kwa jirani, unairudisha imenolewa na kuoshwa. Ukiirudisha na kutu utasemwa mpaka kanisani. Jibu alikuwa nalo tayari, alitaka tu nilibariki. Ningeweza kumwambia asiuguse hata kwa kitambaa. Maneno yalifika mdomoni, nikayameza, nikasikia raha ambayo sijawahi kuisikia.

"Baba mdogo, mgeni hapewi kitu chafu," nikamjibu.

Jumamosi alifika na gari la kukodi, amevaa suti yake ya kanisa. Mjerumani alikuwa ameshafika, anakunywa chai kwenye benchi langu. Munyao akafungua kitambaa, na upanga ukawaka kama sufuria ya dukani. Alikuwa ameupeleka kwa fundi wa kuchomelea mageti, ukapigwa grinda kuanzia ncha hadi mpini, kisha msasa, kisha ukanolewa. Alikuwa akitabasamu.

Nilichukua lenzi na sikuharakisha. Nikatazama chini ya bapa, nikatazama mgongoni, nikageuza kikingio huku na huku, nikamfanya asubiri kama mama alivyosubiri uani siku ile ya wazee wa ukoo. Kisha nikatangaza kwamba hakuna alama hata moja, kwa hiyo siwezi kusema ni wa nani, wa mwaka gani, wala kwamba ni wa Kijerumani. Mjerumani akapitisha kidole pale palipokuwa na herufi, akatikisa kichwa, akamaliza chai yake akaondoka.

Munyao akanigeukia. Akaelewa.

"Wewe ndio uliniambia nisafishe."

"Mama ulimpa debe moja, baba mdogo. Unakumbuka?"

Aliuacha upanga mezani, akaenda garini akiburuta miguu, na ghafla nikaona amezeeka. Sikumhurumia. Nilipima debe moja la mahindi kwa muuzaji wa jirani, nikalijaza mpaka likamwagika, nikampakilia kwenye buti mbele ya watu wote wa stendi.

Jioni nilimpelekea mama upanga. Tunaishi pamoja nyuma ya soko. Alikuwa anapepeta mbaazi. Akauweka ungo chini, akaupokea upanga kwa mikono miwili, akacheka huku machozi yanamtoka. Nikamhadithia yote ya Munyao na Mjerumani, kasoro ile simu. Nilijiona nimemlipia kila kitu. Kisha akaugeuza, akanionyesha kikingio kwa ndani, pale kinapokutana na mpini.

"Nisomee hapa. Macho yangu hayaoni vizuri."

Nikamuuliza nisome nini.

"Majina yenu. Baba yako aliyachora na msumari akiwa mgonjwa. Muthoki na Mbithe, ndio ijulikane ni yenu. Sikusema hata siku moja, hata kwa wazee. Niliogopa Munyao akijua atayafuta. Nilingoja tu siku itarudi kwa mkono yetu, tupeleke kwa chifu tudai shamba."

Nilishika kikingio. Kilikuwa laini, kinang'aa, kina mikwaruzo ya grinda tu. Mama alikuwa ananitazama usoni, anangoja.

"Yamefutwa, Mwaitu," nikamwambia mama kwa Kikamba.

Akauliza ni nani ameyafuta.

"Munyao," nikamwambia.

Akamlaani Munyao na shamba lake mpaka giza likaingia, na mimi niliketi karibu yake nikiitikia.