Uzito wa Mabati ya Klaudia

Kila Jumatatu asubuhi Ndyamukama alichora njia za wiki kwa chaki kwenye mlango wa friji bovu, ndani ya yadi ya skrepa ya Jagruti, Rwamishenye, mjini Bukoba. Friji lenyewe lilishauzwa zamani. Mlango ulibakishwa kwa sababu ulishika chaki vizuri. Alianza na milima. Gari lao, kirikuu nyeupe yenye mlango mmoja wa kijani, lilitakiwa kupanda tupu na kushuka na mzigo, kwa hiyo vijiji vya juu vilitangulia na vya chini vilifuata. Buhembe ilipitiwa wanafunzi wakiwa wameshaingia darasani. Maruku ilikuwa Jumanne, Muleba Jumatano. Hapakuwa na kurudi nyuma, wala kukata barabara kwenda upande wa pili kwa ajili ya sufuria moja. Mwenye skrepa upande wa kulia aliivusha mwenyewe au alikaa nayo.

Ndyamukama hakuwa mtu wa kupendeza. Aliamini kwamba kila anayeishi kando ya barabara aliwekwa pale ili amcheleweshe, na aliwasalimia kwa kupiga honi. Lakini njia zake ziliokoa mafuta, na Jagruti alimvumilia hivyo hivyo, kwa hasira.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mwenye skrepa aliipigia simu yadi, akaweka fungu lake kando ya barabara, akafunga juu yake jani kavu la mgomba. Fungu lenye jani lilichukuliwa, lisilo na jani liliachwa, na malipo yalitumwa kwa aliyepiga simu. Hakuna aliyeulizwa kitu. Jagruti ndiye aliyeweka sheria hiyo, kwa sababu kuuliza kunachukua muda na gari huwa linanguruma.

Jumatano moja, katika kijiji kimoja huko Kamachumu, wilayani Muleba, walikuta paa zima la nyumba limepangwa kando ya barabara, bati juu ya bati, na jani limefungwa juu. Aliyepiga simu alikuwa Karugendo. Paa lilikuwa la shemeji yake, Klaudia, aliyekuwa amekwenda hospitali kuchukua dawa za presha.

Mume wa Klaudia, Privatus, nduguye Karugendo, alikuwa amezikwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba na mibuni, kama wanavyozikwa watu wote wa huko. Alikuwa ameyanunua mabati yale kidogo kidogo, kila msimu wa kahawa mabati machache, na paa lilipokamilika alikaa chini yake mwaka mmoja akafa. Alimwachia Klaudia mabinti tu, na wote walikuwa wameolewa. Karugendo alisema kibanja ni cha ukoo na hakiwezi kukaa mikononi mwa mwanamke asiye na mtoto wa kiume. Sheria ilimkataza kumfukuza mjane. Haikumwambia kitu kuhusu bati.

Wapakiaji walipakia. Kwenye mteremko wa kwenda Muhutwe breki zilianza kulalamika, na Ndyamukama akawatukana wapakiaji kwa kuongeza vitu asivyoviona. Walipopita Kemondo matairi yalikuwa yamebonyea. Kwenye kilima cha Kyetema gari lilisimama kabisa, injini ikitoa moshi, na lilipoanza kurudi nyuma lenyewe likawa jepesi kidogo.

Ndyamukama alishuka, akaliangalia fungu, akaelewa. Alishawahi kupata skrepa ya namna ile: kitanda cha chuma kutoka Buhembe kilichouzwa na mkwe, na cherehani moja ya Maruku. Vitu hivyo huzidi kuwa vizito kadiri vinavyokwenda mbali na mwenyewe. Kitanda kile kiliongezeka kidogo tu, kwa sababu Buhembe si mbali. Hakuwa amewahi kubeba paa, tena kutoka Muleba.

Aligeuza gari. Ndicho kitu alichokichukia kuliko vyote duniani, na njia nzima alikuwa akimlaani mtu asiyemjua kwa jina. Mzigo ulipungua Kemondo, ukapungua tena Muhutwe, na mlima wa Kamachumu waliupanda kwa gia kubwa. Walipofika mbele ya nyumba ile upepo ulikuwa unayainua mabati, ikabidi wapakiaji wayakalie.

Klaudia alikuwa amesharudi. Alisimama mlangoni na kitenge chake cha hospitali, na juu yake palikuwa na kenchi na mawingu.

"Umeyarudisha," alisema.

"Sijarudisha. Nimegeuza gari."

"Basi yashushe."

"Yameshanunuliwa, mama. Mimi nabeba tu. Kama una neno, mwambie aliyeuza."

"Nimeshamwambia. Nimeshakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji pia. Amesema ni mambo ya ukoo, na kwenye ukoo anayesikilizwa ni Karugendo." Alifika kwenye gari akashika ubao wa nyuma. "Mabati yangu yakienda, na mimi naenda. Nitakaa juu yake hapo mnapoyapeleka. Tuone nani atayauza nikiwa nimekaa juu yake."

Alitegemea mabishano. Ndyamukama alizunguka gari akamfungulia mlango wa kijani, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia hata mama yake mzazi. Alikuwa ameshapiga hesabu. Mwenye mali akiwa ndani ya gari, mzigo haukuwa na pa kuzidia. Walikwenda hadi Rwamishenye kana kwamba wamebeba vikapu vitupu, na kwenye kilima cha Kyetema Ndyamukama alipiga mluzi.

Mnunuzi kutoka Mwanza, aliyelipa kwa kilo, alikuwa ameshaleta lori lake, likaegeshwa juu ya mizani ya ardhini ya yadi. Wapakiaji walihamisha mabati wakiyarusha kwa mkono mmoja. Klaudia alipanda nyuma ya lori, akakaa juu ya fungu, akatoa rozari. Mshale wa mizani haukusogea. Mizani ilihesabu lori tu.

Jagruti alitoka ofisini na vikombe vya chai. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Babu yake aliwahi kuuza mabati mapya katikati ya mji, wakati familia za Kihindi kama yao zilikuwa zinajaza mtaa mzima. Sasa zilibaki chache, na duka lilikuwa la mtu mwingine. Alimpa mgeni wake kikombe kimoja, kikombe cha pili akanywa mwenyewe.

"Ma Klaudia, mimi sina ugomvi na wewe. Nimelipa kitu kilichokuwa barabarani."

"Kilikuwa juu ya kichwa changu."

"Ulipokiona wewe. Sisi tulikiona barabarani."

"Nirudishie."

"Nikianza kurudisha, nitarudisha yadi nzima." Jagruti aliangalia vyuma vyake, vitanda, mageti, mashine za kukobolea kahawa, na hakuonekana kutania. "Baba yangu aliambiwa arudi kwao. Alizaliwa hapa hapa Bukoba. Tukaamka siku moja watu wanapima madirisha yetu."

"Na wewe ukajifunza nini?"

"Kununua vitu baada ya kung'olewa. Kunywa chai, itapoa."

Klaudia alikunywa, kwa sababu ilikuwa na tangawizi na kwa sababu njaa haina uadui na mtu. Kisha akaendelea kukaa. Siku zilizofuata alishuka kwenda msalani tu, na mshale ulitikisika kidogo alipofika kwenye mlango wa choo, ukarudi. Mvua ilipokuja alijifunika bati mojawapo. Mnunuzi wa Mwanza alimpigia Jagruti simu kumuuliza anauziwa mabati au anauziwa mwanamke. Wapakiaji walimsalimia Klaudia asubuhi na kumsema vibaya mchana. Ndyamukama alipitisha kirikuu kando yake kila siku bila kumwangalia. Kazi yake ilikuwa njia, na pale njia ilikuwa imekwisha.

Klaudia aliamini anashinda, na kwa siku zile alikuwa kweli anashinda. Hakuwahi kuketi mahali pamoja kwa muda mrefu hivyo tangu aolewe.

Kisha simu yake ikalia. Alikuwa Alistidia, jirani yake wa mpaka wa juu.

"Klaudia, rudi. Mulamu wako anang'oa miramula."

Mulamu ni shemeji; miramula ni mimea inayopandwa mpakani mwa kibanja, na huko Kamachumu mtu anayeing'oa anajua anachofanya.

"Amefika wapi?"

"Ameshapita choo. Sasa anaipanda upya, mstari unakwenda kwenye kaburi la Privatus."

"Anasemaje?"

"Anasema nyumba haina mtu. Amewaita na wazee waone. Na kweli, Klaudia, hamna mtu."

Klaudia alibaki na simu mkononi. Akikaa, mabati hayauziki lakini kibanja kinaliwa. Akienda, anakiokoa kibanja, au kilichobaki, na paa linakwenda Mwanza. Alitamani sana kumpiga mtu, na aliyekuwa karibu alikuwa Jagruti. Badala yake aliweka rozari kifuani, akashuka kwenye lori, akaanza kutembea kuelekea geti.

Mshale ulisogea. Jagruti aliuona. Klaudia alipofika barabarani ukasogea tena, na springi za lori zikatoa mlio mdogo.

"Ndyamukama!" aliita Jagruti. "Mpeleke mama kwake."

"Leo si siku ya Muleba."

"Mpeleke nimesema. Asipande basi, litasimama kila kituo."

Hiyo ilikuwa mara ya pili njia iliyochorwa kuvunjwa, na safari hii ilivunjwa kwa faida. Ndyamukama aliendesha vizuri, kwa kasi ya kadiri, simu yake ikiwa juu ya dashibodi. Walipofika Kemondo ililia.

"Mko wapi?" sauti ya Jagruti ilijaza gari.

"Kemondo."

"Endelea."

Ikalia tena Muhutwe, mahali barabara ya Kamachumu inapoanza kupanda.

"Matairi ya lori yamelala vizuri," alisema Jagruti. "Endelea, endelea."

Klaudia alikuwa akiangalia nje. "Ananipima," alisema.

"Anapima mabati."

"Simamisha gari."

Ndyamukama alisimamisha. Palikuwa na wanawake wanauza ndizi na mtu anaziba pancha. Klaudia alifungua mlango, akaweka mguu mmoja chini. Kutoka pale angeweza kupanda gari la kurudi Bukoba na kuwaharibia wote, Jagruti, mnunuzi wake na mizani yao. Alitaka kufanya hivyo kwa moyo wote. Ndyamukama, ambaye hakupenda kusubiri, alisubiri, na hakupiga honi.

"Ningekuwa wawili," alisema Klaudia.

Hakuna njia Ndyamukama aliyowahi kuichora iliyopita sehemu mbili kwa wakati mmoja. Klaudia aliurudisha mguu ndani akafunga mlango.

"Twende," alisema. "Na mwambie huyo bosi wako kwamba namchukia."

"Anakusikia," alisema Ndyamukama, maana simu haikuwa imekatwa.

"Nimesikia," ilisema simu.

Karugendo aliwapokea na jembe begani. Mstari wa miramula mipya ulikuwa umepita karibu na ukuta wa nyumba, ukalizunguka jiko, na kaburi la Privatus lilikuwa upande wa pili. Wazee walioitwa kushuhudia walikuwa wamekaa kwenye benchi la Klaudia wakinywa rubisi, pombe ya ndizi. Walimsalimia vizuri, kwa heshima zote.

"Karibu, mulamu," alisema Karugendo. "Tulidhani umehamia mjini."

"Ng'oa hiyo mimea."

"Wazee wameshaiona. Ungekuwepo ungesema neno." Hakupandisha sauti. Alikuwa na furaha ya mtu aliyekula akashiba. "Nyumba tumekuachia. Hatuna roho mbaya."

Klaudia aliwaangalia wazee mmoja mmoja. Mmoja alikuwa amesimamia harusi yake. Wote walitazama vibuyu vyao. Aliingia ndani, akasimama katikati ya chumba, chini ya kenchi.

Kwenye kirikuu simu ililia tena.

"Amefika?"

"Amefika."

"Muulize kama ana ndugu mbali zaidi. Karagwe, Ngara, popote. Gari si unalo?"

Ndyamukama alikwenda hadi mlangoni akauliza kama alivyotumwa.

"Hapa ndipo kwangu," alisema Klaudia.

"Anasema hapa ndipo kwake," Ndyamukama aliiambia simu.

"Haya," alisema Jagruti. "Napima."

Lori liliondoka Rwamishenye kesho yake asubuhi likiburuta tumbo, na likauvunja mfuniko wa mtaro getini. Hadi Kemondo dereva alilalamika. Muhutwe, chini ya mlima wa Kamachumu, mzigo ulimtoka ghafla. Akabadilisha gia, akampigia Jagruti kumshukuru kwa njia nzuri, na Jagruti akamwambia Ndyamukama, na Ndyamukama akaichora kwenye mlango wa friji kwa ajili ya mabati mengine ya namna ile. Baada ya Muleba lori likaanza tena kuwa zito, lakini kuanzia hapo ilikuwa shida ya mnunuzi.

Kamachumu mvua ilianza saa nne. Klaudia alivuta kitanda hadi kwenye kona aliyoiezeka kwa majani ya mgomba, akakaa juu yake na jembe la marehemu mapajani. Nje Karugendo alipita mara moja, polepole, akaangalia bawaba za chuma za mlango.