Filimbi ya Pukhraj

Pukhraj Bhat hakuwa na uchekeshaji wowote. Alivuta nyuzi za vikaragosi huku akipuliza filimbi ya mwanzi aliyoibana kwa meno, basi. Mkewe Bhanwari, aliyekaa kando na ngoma, ndiye aliyewaeleza watu filimbi inasema nini. Na miaka yote ya kuzunguka vijiji vya Marwar, filimbi ile ilimtukana yeye. Ikimwita mgumba, yeye huwaambia watu, "Mfalme analia njaa!" Watu hucheka, sifa huzichukua Pukhraj.

Kwenye harusi moja mjini Nagaur, filimbi ililia kwa muda mrefu. Bhanwari akaacha kupiga ngoma.

"Kasemaje, shemeji?" watu wakauliza.

Kwa mara ya kwanza akatafsiri vilevile alivyosikia. "Anasema nimechuja. Kesho anaoa mpiga ngoma kijana, mimi nirudi kwetu."

Watu wakashika mbavu. Baba wa bibi harusi akafuta machozi kwa ncha ya kilemba. "Lo, huyu bwana fundi! Arudie!"

Pukhraj akarudia, safari hii akimtwisha malkia wa mbao furushi la safari.

Bhanwari akapiga ngoma, akatafsiri tena vilevile.