Aliyeazima Kinywa

Fundi wa mavazi alikuwa na pini tatu mdomoni, na hiyo ndiyo iliyokuwa salama ya kila mtu mle chumbani. Alikuwa akifunga kipaza sauti kidogo kwenye ukosi wa gauni la mdogo wake, mwigizaji ambaye mashabiki walimwita Tausi. Zilibaki dakika kumi kipindi cha asubuhi kianze, na kilikuwa kinarushwa moja kwa moja.

"Utasema?" aliuliza, baada ya kuchomeka pini ya mwisho.

"Dada, si nimeshakuahidi? Nitasema."

Miaka mitatu iliyopita fundi alitoroka Zizini, dini ambayo nusu ya mji huicheka na nusu nyingine huiogopa. Alikuwa ameolewa huko. Zizini mwanamke hasemi mbele za watu. Akiwa na neno, humnong'oneza mumewe au kaka yake, na huyo ndiye hulitoa, akiongeza chumvi au kupunguza apendavyo. Binti akitimiza miaka kumi na mitano husomewa sala ya kufungwa kinywa, huachishwa shule, na kuanzia hapo sauti yake ni mali ya wanaume wa nyumba. Fundi alitoka na mfuko mmoja wa nguo. Binti yake alibaki kwa baba, na kesho saa nne asubuhi ilikuwa zamu yake.

Ustawi wa jamii alikuwa amekwenda mara sita, na kila mara na barua. Mara zote aliambiwa mambo ya dini ni nyeti, mama, vuta subira. Subira yenyewe ilishamwishia zamani, aliyobaki nayo ilikuwa ya kukopa.

Na hiyo filamu iliyompa Tausi jina ilikuwa nini, kama si maisha ya dada yake? Fundi alimsimulia yote jikoni, wiki nzima, huku akikatakata vitunguu na kuvisingizia machozi yake. Akampa hata lile gauni la kijivu alilotoroka nalo, alivae kwenye picha. Tausi akapata tuzo. Fundi akapata kazi ya kumpigia pasi. Hakulalamika, kwa sababu alijua iko siku atakihitaji kinywa kile ambacho watu hukisikiliza.

Taa nyekundu iliwaka. Meneja wa Tausi, mwanamume wa suti ya kubana na tabasamu la dalali wa viwanja, aliketi kwenye kochi ubavuni mwake. Fundi alisimama kando ya kamera na kimto chake cha pini.

Mtangazaji hakupindisha maneno. "Filamu yako inamwonyesha mwanamke anayeikimbia dini inayomnyima kinywa. Wewe ni mfeministi?"

Tausi alicheka kidogo. Kisha akafanya jambo lililomchemsha fundi damu mpaka masikioni. Aliufunika ukosi kwa kiganja, akamwinamia meneja, akamnong'oneza. Meneja akaitikia kwa kichwa, akajiweka sawa, akajibu kwa niaba yake.

"Tausi si mfeministi. Anawapenda wanaume, anapenda kupika, ni mtoto wa watu aliyelelewa vizuri. Ile ni hadithi tu. Na ndugu zetu wa imani ile tunawaheshimu, wengi wao ni mashabiki wetu."

Fundi aliona giza. Huyu hakukanyaga Zizini hata siku moja. Hakuna aliyemsomea sala yoyote. Kinywa alikuwa nacho, kizima, kimepakwa rangi ya bei mbaya, na bado alikwenda kuazima cha mwanamume. Kisa, neno moja la kuogopesha wanunuzi wa tiketi. Na ile ahadi ya dakika kumi zilizopita ilikuwa imekwenda na maji.

Aliingia mbele ya kamera. Hakukimbia. Alizichomoa pini alizochomeka mwenyewe, moja moja, akakitoa kipaza sauti kwenye ukosi, akakisogeza mdomoni pake.

"Samahani mama, wewe ni nani?" aliuliza mtangazaji.

"Mimi ndiye hiyo hadithi tu," alisema fundi. "Kesho saa nne, kwenye jumba la Zizi nyuma ya soko la mbao, mwanangu wa miaka kumi na mitano anafungwa kinywa na kuachishwa shule. Ustawi wa jamii wana barua zangu sita. Hawa wawili walijua."

Meneja alipunga mikono matangazo yakatwe. Mpiga picha, ama kwa ubishi ama kwa kushikwa na butwaa, hakukata.

"Kwa hiyo mfeministi ni wewe," alisema mtangazaji, ambaye swali lake lilikuwa halijamtoka kichwani.

"Niite utakavyo. Ukishaniita, nisaidie kumtoa mtoto."

Meneja alimwinamia Tausi, sikio tayari, akisubiri anong'onezwe neno la kunusuru mambo. Tausi alilitazama lile sikio kwa muda. Kisha akalisukuma kando.

"Huyu ni dada yangu," alisema. "Anayosema ni kweli, na nilimwahidi."

Lakini majumbani watu hawakusikia kitu, maana kipaza sauti kilikuwa kimefumbatwa kwenye ngumi ya fundi.

Fundi hakumkumbatia. Hasira ilikuwa haijapoa, na hakutaka ipoe kabla ya saa nne ya kesho. Alifungua ngumi, akakishika kipaza sauti chini ya kidevu cha mdogo wake.

"Rudia," alisema. "Wewe ni mama yake mdogo."